Tutibu Koo Kabla Hatujachangia Moyo

Nitasema kitu na najua kuna watu watakasirika. Wakenya tuko sawa sana kwa kuchangia upasuaji wa moyo wa mtoto. Kuzuia huo upasuaji ndio hatuna haja nako.

Kila wiki inboksi yangu inaingia bango. Picha ya mtoto akiwa hospitalini, namba ya Paybill, na "tafadhali sambaza". Nasambaza, na nitaendelea kusambaza, juu mtoto ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu hana muda wa kungoja mjadala wangu. Lakini soma hayo mabango vizuri. Kuna neno linajirudia: vali. Vali ya moyo imeharibika. Sasa jiulize, vali ya mtoto wa miaka 11 inaharibikaje?

Wapo wanaozaliwa na kasoro ya moyo, karibu mtoto 1 kwa kila 100. Hao ni hadithi yao. Leo naongelea wale waliozaliwa na moyo mzima, halafu wakaumwa koo.

Ndiyo, koo. Iko hivi: kuna bakteria anaitwa streptokokasi. Anapenda watoto wa miaka 5 hadi 15, na anapenda mahali watu wamebanana: nyumba ya chumba kimoja, darasa lililojaa, bweni. Koo linauma siku kadhaa, mtoto anapewa maji moto na ndimu, linapoa, maisha yanaendelea. Wiki 2 au 3 baadaye, kwa baadhi ya watoto, kinga iliyoamka kupigana na bakteria inageukia mwili wenyewe. Goti linavimba, likipoa uvimbe unahamia kiwiko. Joto linapanda. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo vinapona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na kovu, na kila akiugua tena kovu linaongezeka. Mwisho vali haifungi vizuri, au haifunguki. Damu inarudi nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu.

Huyo mtoto sasa hawezi kulala chali. Miguu imevimba. Akitembea kidogo anachoka, na mwalimu anasema ni mvivu. Nyumbani wanasema ni nimonia, baadaye pumu, baadaye jicho la jirani. Akifika mahali pana mashine ya kupiga picha ya moyo, miaka imeshaenda.

Halafu sasa matibabu. Kuna dawa za kutoa maji mwilini kama furosemaidi, na za kumpunguzia moyo kazi. Zinasaidia sana, lakini hakuna kidonge cha kurudisha vali iliyoharibika. Hapo ndipo upasuaji unaingia. Tuna madaktari wanaoufanya hapa hapa nyumbani: Kenyatta, Mater, Moi kule Eldoret, Tenwek kule Bomet. Heshima zao. Lakini hata upasuaji ukienda poa, kazi haijaisha. Mtoto akiwekewa vali ya chuma atameza wafarini maisha yake yote, na kupimwa damu kila mara, juu ikiwa nyepesi sana atavuja na ikiwa nzito vali itaziba. Na kama ni msichana, siku akitaka kupata mtoto wake mwenyewe, hiyo dawa ni hatari kwa mimba. Hayo yote hatuyaandiki kwenye bango.

Sasa linganisha na sindano. Koo la streptokokasi likitibiwa na penisilini ndani ya siku 9 tangu lianze, homa ya baridi yabisi inazuilika. Na aliyeshaugua anadungwa penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka, ili isirudi. Inauma, sitadanganya. Lakini dawa yenyewe ni ya zamani na bei yake haifiki ya chipsi na kuku.

Na si maneno ya mtandaoni. Majirani zetu Uganda, kule kaskazini, walifuatilia watoto 818 ambao picha ilionyesha dalili za mwanzo kabisa, kabla hawajahisi chochote. Baada ya miaka 2, kwa waliodungwa kila mwezi, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu. Kwa wasiodungwa, 33. Matokeo yalitoka 2021. Manze, hiyo si tofauti ndogo.

Najua mtaniambia: "Wewe uliacha chuo, udaktari umetoa wapi?" Sijasema mimi ni daktari. Na sisemi kila koo lipewe penisilini. Makoo mengi ni ya virusi, hasa kukiwa na kikohozi na kamasi, na hayo yanapona yenyewe. Nasema koo lililokuja ghafla na joto kali, bila kikohozi, mtoto hawezi kumeza, lionwe na mtu aliyesoma. Akiandikiwa vidonge vya siku 10, vimezwe siku 10, siyo kuacha siku ya tatu kwa sababu ameanza kucheza. Na mtoto ambaye moyo tayari umechoka sana, daktari ndiye ataamua kama ni sindano au vidonge.

Mei 2018, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, sisi tukiwemo, zilipitisha azimio la kupambana na huu ugonjwa. Azimio zuri. Lakini mama akifika zahanati na mtoto wa sindano ya mwezi akaambiwa "imeisha, nenda ununue nje", hilo azimio ni karatasi tu. Afya ya zahanati iko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo swali liende kwa MCA wako, yule anayekuja kwa harambee ya upasuaji na bahasha na mpiga picha: penisilini iko kwa zahanati ya wadi yako leo? Mwezi ujao itakuwepo?

Sindano ya kila mwezi haina picha ya kutoa machozi, na hakuna atakayeisambaza. Lakini mtoto anayeipata atacheza mpira jioni kama wengine, na wewe hutawahi kujua jina lake wala kuona namba ya Paybill. Huo ndio ushindi ninaoutaka.