Giligilani kwenye ndoo, na uchoyo wetu wa udongo

Hivi ni nani aliyetudanganya kwamba mtu akishapata digrii na kazi ya mjini, basi yeye na udongo wameachana kwa talaka tatu? Nauliza kwa sababu katika pitapita zangu za kutafuta habari hapa Dar, kuanzia Sinza mpaka Tabata, naona mtindo ule ule. Nyumba ikimalizika, kazi ya mwisho ya fundi ni kumwaga zege au kupanga pevingi uani, kutoka ukutani hadi getini. Hakibaki hata kipande cha kuotesha mchaichai. Halafu sote tuliomo ndani, wasomi watupu, tunamtuma mtoto gengeni akalete giligilani!

Najua kuna watakaocheka. Nchi ina mambo mazito, huyu kijana anatuletea habari za majani ya kachumbari. Sawa, cheka kwanza, halafu tuongee.

Mchicha tunaupika. Matembele tunayapika. Lakini majani ya giligilani (wengine mnayaita kotimiri, majirani zetu wa Kenya wanaita dania) mara nyingi tunayakatakata mabichi juu ya kachumbari au supu ambayo imeshaepuliwa. Mnanaa hivyo hivyo, unatumbukizwa kwenye juisi. Hakuna moto wa kuua vijidudu. Kwa hiyo katika mboga zote za mjini, hizi ndizo ambazo mlaji angetakiwa kujua zimemwagiliwa maji gani.

Na sote tunajua sehemu ya majani ya mji huu hulimwa wapi. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini, na njiani unabeba kila kitu ambacho mji hautaki kukiona: maji ya vyoo, ya viwanda, ya gereji. Watafiti wameuandika uchafu huo kwa miaka mingi. Kipindupindu kilipozuka hapa Agosti 2015, tulikumbushwa tena maana ya kuishi na maji machafu.

Sasa nisieleweke vibaya. Simlaumu mkulima wa bondeni. Yule mama anayeinama na keni ya maji saa kumi na mbili asubuhi hakuuchafua mto. Umechafuliwa na sisi tulioko juu, halafu tunamnyooshea kidole yeye aliyeko chini. Kumfukuza hakutasafisha hata ndoo moja ya maji, kutamwongezea njaa tu. Ninachosema ni vitu viwili kwa pamoja: mamlaka zisafishe mto ili yule mama auze mboga salama, na wewe na mimi tuoteshe nyumbani yale majani machache tunayokula mabichi.

"Ndugu mwandishi, mimi ni mpangaji, bustani nitaitoa wapi?" Bustani ni ndoo ya rangi iliyokwisha. Itoboe chini matundu matano, weka udongo uliochanganywa na mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Chukua mbegu za giligilani, zile zile za pilau kama si za zamani sana. Kila kidonge kina mbegu mbili ndani, kwa hiyo kiviringishe taratibu chini ya chupa kipasuke. Fukia kina cha sentimita moja hivi. Wiki moja hadi mbili zinachipua, na kati ya wiki ya tano na ya saba unachuma.

Adui yake ni joto la Dar. Jua likizidi, giligilani inakimbilia kutoa maua na majani yanakwisha. Iweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana, na panda kidogo kidogo kila wiki mbili au tatu. Juni hadi Agosti, kijibaridi kikiwepo, ndiyo miezi yake. Maji ya kisima yenye chumvi yaepuke, miche michanga haiyapendi. Pasli, ile ya majani yaliyojikunja inayopamba sahani za hotelini, inataka subira zaidi, mbegu zake huweza kukaa wiki tatu kabla ya kuchomoza. Loweka usiku kucha kwanza. Mnanaa upe chombo chake peke yake maana una tabia ya kuwavamia wenzake. Mrehani ni wepesi kuliko wote: kata kijiti, weka kwenye glasi ya maji, kitatoa mizizi.

Tena tusijifanye mambo haya yametoka kwenye majarida ya Ulaya. Bibi zetu wa Pwani walikuwa na mrehani uani kwa ajili ya vikuba kabla yetu. Kule Kibera, Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, watu walipanda sukuma wiki kwenye magunia milangoni mwao. Na hapa kwetu serikali yenyewe ilitunga kanuni za kilimo cha mijini mwaka 1992, kwa hiyo ndoo yako si uhuni.

Je, utatajirika? Wapi! Fungu la giligilani ni hela ndogo, na ukipiga hesabu ya maji unaweza usione faida yoyote. Anayekuuzia bustani ya ndoo kama ujasiriamali anakuuzia ndoto. Faida yake ni kujua unachokula, na kutotupa fungu zima lililonyauka wakati ulihitaji vijiti vitatu.

Lakini ndoo ni dawa ya mpangaji tu. Kwa wenye nyumba nina ombi: kabla fundi hajamaliza uwanja, mwambie aache mita moja ya udongo kando ya ukuta. Maji ya masika yatapata pa kuzama badala ya kukimbilia kwa jirani wa bondeni, na wapangaji wako watapata pa kuotesha. Nasi wapangaji, siku ya kukagua chumba, mbali na luku na maji, tuulize na hili: udongo uko wapi?

Naomba kuwasilisha.