Tahadhari: Kung'uteni Mizigo Kabla ya Kuvuka Mafia

Ndugu zangu wa Mahege, Nyamisati na visiwa vyote vya delta ya Rufiji, kabla ya kupakia mzigo wa Mafia, ufunueni kwanza. Fungueni matita ya makuti, inueni mikungu ya ndizi, chungulieni kwenye nyufa za boriti. Mkiona vijiyai viwili vyeupe, vigumu, kama punje za mbaazi, hayo ni mayai ya mjusi wa ukoo wa mjusi kafiri. Ni mjusi gani hasa, kwa macho hamtajua. Yatoeni. Yakianguliwa Kilindoni, kule Mafia, hakuna atakayemrudisha mjusi huyo.

Wapo wanaosema mjusi ni mjusi tu. Si kweli; kila kisiwa kina historia yake. Mlango wa Mafia una kina kifupi. Miaka 20,000 iliyopita, maji ya bahari yaliposhuka kwa takriban mita 120, mlango huo ulikuwa nchi kavu, na mijusi wangeweza kupita kwa miguu. Pemba ina habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo hata wakati ule Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Pemba ina mjusi wake wa kijani, Phelsuma parkeri, anayeshinda kwenye minazi na migomba, na hapatikani kwingine kokote duniani. Ndugu zake wengi wako Madagaska. Wahenga wake walivushwa na bahari, huenda juu ya gogo lililong'olewa na mafuriko. Wataalamu husoma vinasaba vya mijusi wa visiwani wapate kujua nani alitoka wapi, na lini. Tukiwachanganya kwa mashua zetu, habari hiyo tunaivuruga sisi wenyewe.

Na hasara haiishii hapo. Tazameni Mauritius. Mjusi wa majumbani kutoka Asia, Hemidactylus frenatus, aliingia humo kwa vyombo vya watu. Kisiwani palikuwa na mijusi wa usiku wa asili, Nactus. Mgeni akawapokonya maficho na kuwala watoto wao. Leo kwenye kisiwa kikuu hawapo tena. Waliosalia wako kwenye visiwa vidogo vya pembeni. Wala mgeni huyo hahitaji kundi ili azaliane: jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, na mmoja tu aliyejificha kwenye tita la makuti anatosha kuanza ukoo.

Manahodha, wapakizi, wenye boriti: makuti yakung'utwe Nyamisati, si Kilindoni. Nanyi wazazi, msiwaache watoto wavuke na mjusi kwenye chupa kumpelekea binamu. Ukimwona mjusi usiyemfahamu ndani ya chombo, usimtupe ufukweni ng'ambo. Mzuie hapo hapo, mpige picha, upeleke taarifa kwa maofisa wa maliasili wa wilaya. Fanyeni hivyo kuanzia safari ya leo, kabla chombo hakijang'oa nanga.