ATI SHAHADA HIYO NI YA KAZI GANI?

Kijana akirudi nyumbani na kusema kwamba chuo kikuu atasoma historia, uchumi, falsafa na fasihi pamoja, katika shahada moja, swali analokutana nalo ni hilo. Baba huuliza, mjomba huuliza, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye huuliza. Angalisema udaktari, wote wangalifurahi. Huyu wa masomo mengi huambiwa mshika mbili moja humponyoka.

Hatuwalaumu wazazi. Ada ni ng'ombe aliyeuzwa, na mwenye kuuza ng'ombe ana haki ya kuuliza. Lakini sisi nasi twauliza: ni nani aliyetufundisha kwamba elimu ya namna hii haitufai?

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, ikashauri elimu ya Mwafrika iegemee kilimo, afya, kazi za mikono na maisha ya kijijini. Kulima si aibu, na ushauri ule haukuwa mbaya wote. Ila tazameni waliokuja kututawala walisoma nini. Mabwana Shauri wengi walitoka Oxford na Cambridge, na wengi wao hawakusomea kodi wala barabara. Walisoma historia, na wengine Kilatini na Kiyunani cha kale. Serikali yao iliona kwamba mtu aliyezoezwa kupima hoja aweza kukabidhiwa wilaya nzima, na mengine atajifunza huko huko. Basi elimu iliyokuwa chakula cha mtawala, kwa mtawaliwa ikaitwa anasa!

Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949. Shahada aliyoipata mwaka 1952 ilikuwa ile ya desturi ya Waskoti, ya masomo mengi: fasihi ya Kiingereza, uchumi, elimu ya jamii na mila za watu, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Leo mwenye kuajiri angeuliza, bwana huyu ni mtaalamu wa nini? Mwaka 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza madai ya nchi yake, wala hakuwa wakili. Na mwaka 1963, naye yu Rais, ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare.

Wako watakaosema kwamba huyo ni mtu mmoja, na nchi hujengwa na mafundi. Kweli, hujengwa na mafundi. Lakini waulizeni watu wa Kongwa habari za Mpango wa Karanga. Waingereza walipouanza mwaka 1947 mafundi walikuwapo, matrekta yalikuwapo, fedha zilikuwapo. Wapimaji waliotangulia mwaka 1946 walikaa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka kwenye ndege. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji, na mvua yake ni ya kubahatisha. Wagogo, walioishi na njaa zake vizazi na vizazi, walilijua hilo bila darubini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Alikosekana mtu wa kukaa katikati ya mhandisi, mtu wa hesabu na mzee wa Kigogo, akazisikiliza habari zao zote kama habari moja. Hiyo ndiyo kazi ya elimu tunayoisema. Si kushika vitu viwili; ni kushika kitu kimoja kwa mikono miwili.

Hata hivyo tusidanganyane. Ziko shahada pana kama dimbwi la mvua, maji hayafiki kifundoni. Mwanafunzi hudokoa huku na huku, akatoka na majina ya wanafalsafa kumi asioweza kubishana na hata mmoja. Chuo kinachopokea vijana katika masomo haya kwa sababu tu wamekosa nafasi kwingine kinawaibia. Wenzetu wa Ghana, katika chuo cha Ashesi kilichofunguliwa mwaka 2002, humtaka hata mwanafunzi wa kompyuta au uhandisi asome pia mambo ya maadili, jamii na uandishi. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina somo la Taaluma za Maendeleo, lililokusudiwa liwavute wanafunzi wa fani zote kuitazama nchi yao. Wazo ni jema sana. Lakini wanafunzi wangapi hulimeza kama kwinini, wakalisahau siku ya pili ya mtihani? Walimu watazame jambo hili, na madarasa yapunguzwe watu, maana hoja haifundishwi kwa kipaza sauti.

La haraka zaidi liko kwa waajiri. Matangazo ya kazi hutaja majina ya shahada moja moja, na kijana asiyeona jina la shahada yake huachwa mlangoni kabla hajafungua kinywa. Halmashauri inayotafuta ofisa wa mipango, na gazeti linalotafuta mhariri, vina sababu gani ya kuogopa mtu aliyesoma uchumi na historia pamoja? Waongeze mstari mmoja kwamba shahada ya masomo mengi inakubaliwa, kisha wamwite kijana huyo, wampe faili moja gumu na kalamu, wamwache saa mbili.