Kipimo kisichodanganywa kwa kuacha chai siku mbili

Katika nyumba zetu nyingi mgonjwa wa kisukari huwa na desturi moja: siku mbili kabla ya kwenda kliniki huacha chai ya sukari na kupunguza wali, na akichomwa kidole majibu hutoka mazuri. Familia hufurahi. Sisi tunaona furaha hiyo ni ya haraka mno, na sababu yake imo ndani ya damu yenyewe.

Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Muda wote huo sukari iliyomo katika damu huiingia na kunata kwenye himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, na ikishanata haibanduki hadi chembe ife. Ndiyo maana kipo kipimo kingine, HbA1c, kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita. Hicho hakijali kuwa juzi mgonjwa aliacha chai. (Mwenye selimundu amweleze daktari mapema, kwani chembe zake hufa upesi na majibu yaweza kupotosha.)

Chembe hiyo ina upana wa mikromita 7 hadi 8, ilhali vijishipa vyembamba kabisa vya mwili ni vyembamba kuliko hapo. Hupita kwa kujikunja. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, utando wa chembe hukakamaa, na kuta za vijishipa nazo hunenepa. Damu hupita kwa taabu. Jicho huharibika bila maumivu, na figo huanza kuvujisha protini katika mkojo kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kwa hiyo vyote viwili vipimwe kila mwaka, hata kama mtu anajiona mzima.

Mguu ndio unaotutia hofu zaidi, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu hufa kimyakimya. Mzee hukaa na changarawe ndani ya kiatu kutwa nzima asihisi. Kidonda huchimba, na damu haba inayofika hapo hushindwa kukiponya. Wengine hukificha ili wasiwasumbue watoto, au kwa kuogopa kukatwa mguu, na kumbe ni kuchelewa huko kunakoleta kukatwa.

Anayetawadha huosha miguu mara kadhaa kwa siku. Basi na aitazame pia: unyayo, visigino na baina ya vidole, kisha aikaushe vizuri. Asiyeona sawasawa atazamwe na mwanawe au mjukuu, bila kuona haya. Maji ya moto yapimwe kwa kiwiko cha mtu mwenye hisi timamu, si kwa mguu uliokufa ganzi. Kidonda, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kisipakwe majivu wala dawa ya meno.