Chasisi Kwanza, Bodi Baadaye

Katika Uingereza wako watu ambao hawanunui motokaa ya spoti ikiwa kamili, imeng'arishwa, na ufunguo wake umetiwa mikononi mwao. Hununua vipande. Lori huwafikishia makasha nyumbani, na ndani ya makasha mna chasisi ya mabomba ya chuma, vipande vya bodi, springi, tangi la petroli, waya za umeme, na mfuko baada ya mfuko wa bolti na nati. Injini, giaboksi na ekseli aghalabu hutolewa katika gari kuukuu ambalo mwenyewe amelinunua na kulivunja. Kisha, jioni baada ya jioni, mtu huyo ambaye si fundi wa gereji, pengine ni mwalimu au karani wa benki, huviunganisha vyote katika banda la nyumba yake mpaka motokaa isimame juu ya magurudumu manne. Seti hizo ni nyingi, na wauzaji wake ni hodari wa kusifu. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, mtu huyo ana swali moja la kujibu, nalo ni seti gani achague. Katika swali hilo ndipo wengi hupotea.

Mimi nasema kwamba mtu anayejenga kwa mara ya kwanza asichague umbo. Achague chasisi na kitabu cha maelezo, na umbo alipokee kama litakavyokuja. Najua kuwa neno hili litawachukiza wapenzi wa motokaa, na huenda wewe msomaji u mmoja wao, una picha ya gari jekundu uliyoibandika ukutani karibu na kitanda chako bwenini. Sikukatazi kuitazama. Nakuomba tu unisikilize mpaka mwisho, kisha unipinge ukiweza.

Kwanza utazame asili ya mambo haya. Colin Chapman, mhandisi wa Kiingereza aliyeanzisha kampuni ya Lotus, alitoa motokaa yake ya Mark VI mwaka 1952, na mwaka 1957 akaifuatisha kwa ile iitwayo Seven. Zilikuwa motokaa duni kwa macho: chasisi ya mabomba membamba, mabati ya alumini yaliyonyooka, viti viwili, hapana paa la maana. Chapman aliziuza zikiwa vipande kwa sababu ya serikali. Wakati ule motokaa kamili ilitozwa kodi ya ununuzi, bali vipande havikutozwa. Husimuliwa kwamba sheria haikuruhusu vipande hivyo viuzwe pamoja na maelezo ya kuviunganisha, basi kampuni ikatoa maelezo ya kuifungua motokaa, na mnunuzi akawa anayasoma kutoka mwisho hadi mwanzo. Mwaka 1973 kodi ile ilifutwa na mahali pake ikaja kodi ya ongezeko la thamani, na faida ya kununua vipande kwa kukwepa kodi ikaisha. Mwaka huo huo Lotus iliiachia kampuni ya Caterham haki ya kuitengeneza Seven. Sababu ya kodi imekufa zaidi ya miaka hamsini sasa, walakini motokaa ile haijafa. Caterham wangali wanaiuza, na wengine wengi wametengeneza zinazofanana nayo. Jiulize kwa nini. Si uzuri uliyoiweka hai, maana kwa uzuri imeshindwa na mamia. Imeishi kwa sababu mtu wa kawaida anaweza kuijenga na kuimaliza.

Sasa utazame mshindani wake. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alichukua motokaa nyepesi ya kampuni ya AC ya Uingereza akaitia injini kubwa ya Ford yenye silinda nane. Ndiyo Cobra. Zile za asili zilikuwa kama elfu moja tu, nazo leo bei yake ni ya matajiri. Kwa sababu hiyo makampuni yaliyotokea kuuza seti za kuiga Cobra hayahesabiki kwa urahisi, Uingereza na Marekani kadhalika. Ni motokaa ya kuvutia. Mabega yake yamejaa kama ya mpiganaji ng'ombe, na mdomo wake umefumbuka. Kijana akiiona, moyo humruka.

Lakini kujenga si kutazama. Bodi ile ya faibaglasi imepinda kila mahali, na kila penye kupinda pana kazi. Milango lazima ifunge sawasawa na nyufa zake zilingane. Kifuniko cha injini lazima kikae. Kisha ipigwe msasa, ipakwe rangi, na ipigwe msasa tena. Rangi nzuri juu ya bodi kubwa namna ile huweza kula fedha nyingi kuliko wanavyokisia wanunuzi wengi wa mara ya kwanza. Halafu ndani yake unatiwa mtambo wenye nguvu ambao hausamehi kosa la mwanafunzi. Seven haina hayo. Bati limenyooka, milango ya kweli haipo, na spana hufika karibu kila mahali. Ukikosea, kosa lako unaliona kwa macho. Na usidhani kuwa unyonge wa umbo ni unyonge wa mwendo: Seven 170 ya Caterham, iliyotolewa mwaka 2021, ina uzito wa kilo 440 tu, na injini yake ya Suzuki haizidi sentimita za ujazo 660. Gari jepesi halihitaji farasi wengi.

Jambo baya zaidi katika bodi nzuri ni kwamba huficha chasisi. Nawe ni chasisi inayokubeba. Chukua vijiti vinne uvipigilie misumari katika pembe upate mraba, kisha uusukume kwa kidole. Utalala upande kama mlevi. Sasa pigilia kijiti cha tano kwa mshazari, kutoka pembe hii hadi pembe ya pili iliyoelekeana nayo. Sukuma tena. Hautalala, kwa kuwa umezaliwa pembetatu mbili, na pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja uvunjike au upinde. Hiyo ndiyo elimu yote ya chasisi ya mabomba, au walau nusu yake. Chasisi njema ina mishazari kila panapobeba nguvu: panapofungwa springi, panaposhikwa injini, panapokaa mikanda ya viti. Chasisi mbovu ina miraba mitupu iliyofunikwa kwa bodi ya kupendeza. Ikipita katika kona hujikunja, magurudumu huelekea kwingine, na dereva hulaumu mipira. Mtu aliyechagua kwa picha hakuiona miraba ile, kwa sababu katika picha haimo.

Wewe wa Nairobi au wa Nakuru jambo hili si geni kwako, ingawa huenda hujalifikiri. Bodi za matatu na mabasi mengi unayopanda hujengwa hapa hapa Kenya juu ya chasisi zilizonunuliwa. Abiria huchagua matatu kwa michoro na muziki. Mwenye matatu hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Yeye hununua chasisi kwanza, akauliza habari za injini na vipuri, ndipo akamwendea mjenzi wa bodi na mchoraji. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akiwa na hamu ya motokaa ya spoti, akili yake ya kibiashara humtoka akawa abiria.

Baada ya chasisi, ni kitabu na gari la kuvunjwa. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu cha kumfundisha mtu kujijengea motokaa iliyofanana na Seven kwa paundi 250, akichomelea mwenyewe chasisi ya mabomba ya mraba na kutumia vyombo vya Ford Escort kuukuu. Kitabu hicho kilizaa motokaa nyingi katika nchi mbalimbali. Lakini Escort alizozitegemea, za muundo wa kwanza na wa pili, zilikoma kutengenezwa mwaka 1980. Wapenzi wa mashindano ya magari wakazipigania zilizobaki, na bei ikapanda hata hesabu ya paundi 250 ikawa hadithi. Makampuni yakahamia Ford Sierra, iliyotengenezwa kati ya 1982 na 1993, nayo ikaanza kuadimika. Leo wengi hutumia Mazda MX-5, iliyoanza mwaka 1989 na kuuzwa zaidi ya milioni moja, ambayo injini yake iko mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Basi uliza: seti hii inataka gari gani, na gari hilo lapatikana leo, si miaka ishirini iliyopita? Tena, je, gari moja latosha? Seti inayotaka injini ya huku, ekseli ya kule na usukani wa kwingine humfanya mjenzi kuwa mwokotaji. Kila panapokutana vyombo vya magari mawili pana kipande kisichouzwa dukani, lazima kichongwe. Na katika Uingereza gari ambalo asili yake haijulikani vema hupewa namba yenye herufi Q, ambayo wanunuzi wengi huikimbia.

Wapo watakaokwambia: chukua seti ya bei ndogo. Hao ni hatari kuliko wapenda umbo, maana huonekana wenye busara. Soma orodha yao polepole. Utakuta chasisi na bodi, basi. Hamna mabomba ya breki, hamna waya, hamna mikanda, hamna rejeta, hata bolti hamna. Bei ndogo ile ni mlango tu wa nyumba ambayo kuta zake utazinunua kidogo kidogo, moja baada ya moja, mpaka uchoke. Ndiyo maana hutokea mara kwa mara motokaa zilizojengwa nusu zikauzwa kwa hasara. Mwenye kuuza hutaja ndoa, au mtoto, au kuhama nyumba. Hasemi kwamba alichagua vibaya. Na kampuni nayo huweza kufa: Westfield, jina lililojulikana sana katika kazi hii tangu miaka ya 1980, iliangukia mikononi mwa wasimamizi wa madeni mwaka 2022. Kwa hiyo mwenye akili hatoi fedha zote kabla ya kupokea makasha.

Pengine waniambia, "Bwana, hayo yote ni hesabu, bali kazi ya miezi mingi haifanywi kwa hesabu, yafanywa kwa mapenzi. Nisipolipenda umbo, nani atanitoa kitandani usiku wa baridi nikafunge bolti?" Hoja hii ina nguvu, na sitaidharau. Mapenzi ni petroli ya kazi. Lakini mapenzi yaliyojengwa juu ya umbo yana njaa ya kuliona umbo, na umbo huja mwisho. Katikati ya kazi ziko wiki ambazo hakuna linalopendeza: waya zimesambaa kama utumbo wa mbuzi, bomba la breki linavuja, na bodi ile tamu imeegeshwa ukutani inakusanya vumbi. Hapo mpenda umbo hufa moyo. Aliye na seti nyepesi na kitabu kinachosema "fanya hili, kisha lile," hupata furaha ndogo kila jioni, na furaha hizo ndogo humfikisha. Akiisha kumaliza ya kwanza, na ajenge Cobra ya pili. Sitamzuia, maana sasa atajua kuitazama chini.

Wengine, wenye kiburi cha ufundi, husema kwamba kujenga kwa seti si kujenga, na kwamba mwanamume wa kweli huchora chasisi yake mwenyewe. Hao nawaacha na breki zao. Hili si neno la mzaha. Anayejenga motokaa hujenga usukani na breki ambazo yeye, na abiria wake, na mtoto avukaye barabara asiyewajua, wote wataziamini. Serikali ya Uingereza yalijua hilo: motokaa ya namna hii haiandikishwi kwenda barabarani mpaka ipite ukaguzi wa gari moja moja, ambao tangu mwaka 2009 huitwa IVA. Mkaguzi hupima breki, taa, mikanda, moshi na kelele. Hata ncha za nje za bodi lazima ziwe zimeviringwa zisije zikamkata mtu. Seti njema imekwisha kupita ukaguzi huo mikononi mwa wengi kabla yako, na muuzaji wake anajua mkaguzi hukataa nini. Ya mchoraji peke yake haina mtangulizi.

Basi anayetaka kuchagua aende kiwandani, asichague kwa picha za matangazo. Akae ndani ya motokaa, akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, aone kama miguu yake inakanyaga klachi bila kukanyaga breki, kwa kuwa motokaa hizi ni nyembamba na wako warefu ambao hawaingii. Aombe kitabu cha maelezo akisome nyumbani siku mbili kabla ya kutoa shilingi. Awatafute watu watatu waliomaliza seti hiyo hiyo, na mmoja aliyeshindwa, amsikilize huyo wa nne zaidi. Mwisho amwombe muuzaji amwonyeshe chasisi tupu, isiyo na bodi juu yake, na aihesabu mishazari. Akiambiwa kwamba chasisi leo haipo, ila bodi ipo na imepakwa rangi nyekundu nzuri sana, amshukuru kwa chai na ashike njia ya kituo cha gari moshi.