LORI LETU LISIINULIWE, LITENGENEZWE



Wiki iliyopita lori letu la ushirika nusura lipinduke kwenye ile kona ya kushukia mtoni, njia ya kwenda Mikumi kupitia Ulaya. Juu kulikuwa na magunia ya mahindi, na juu ya magunia walikuwako watu wetu. Magurudumu ya upande mmoja yalinyanyuka, kisha yakarudi chini. Tunamshukuru Mungu. Lakini shukrani peke yake haitengenezi gari.

Sasa limeletwa pendekezo kwamba fedha ya matengenezo inunue majani ya springi ya kuongeza nyuma, ili lori likae juu, liwe gumu, lisiyumbe tena. Sisi hatukubali, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mama mwenye ndoo ya maji kichwani hakati kona kwa mbio, kwani uzito uko juu. Tukiinua lori tumeinua na magunia. Kuyumba kutapungua kweli, lakini siku ya kuanguka litaanguka bila kutuonya.

Pili, springi ngumu kwenye barabara ya mashimo hurusha gurudumu, na gurudumu lililo hewani halishiki kona. Tena nyuma ikizidi ugumu kuliko mbele, mkia wa gari huteleza kutoka nje. Wazee mnaikumbuka Peugeot 504. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, nayo ilikuwa gari laini, springi zinapanda na kushuka sana, magurudumu yanabaki chini. Ulaini siyo udhaifu, jamani.

Basi lori linaugua nini? Tuliingia chini yake pamoja na makanika, tukaona kwa macho. Shokapu za nyuma zimevuja mafuta, zimekufa, na kazi yake ndiyo kuzuia springi isirukeruke. Busha zimelika. Yubolti zimelegea. Jani moja la springi ya kushoto limekatika, ndiyo maana lori limelalia kushoto hata likiwa tupu.

Fedha iende huko. Shokapu zinunuliwe mbili kwa pamoja, siyo moja. Jani lililokatika libadilishwe, na springi za pande mbili zilingane. Yubolti zikazwe, halafu zikazwe tena baada ya safari za mwanzo. Upepo wa matairi upimwe kwa kipimo, siyo kwa kupiga teke.

Lakini lipo moja ambalo makanika hawezi kututengenezea. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kulisukuma lori nje ya kona huongezeka mara nne. Mbili mara mbili ni nne, hesabu hiyo tumeisoma katika darasa la watu wazima. Dereva apunguze mwendo kabla ya kona, siyo akiwa katikati yake. Lumbesa tuziache. Magunia yapangwe chini, yafungwe kamba. Na mtu asipande juu ya mzigo.

Tunajua hili la mwisho litatuletea lawama. Sote tumepanda, hata sisi tunaoandika hapa tumepanda, kwani nauli ya basi siyo kila siku ipo. Lakini gunia likianguka tutaliokota. Mtu je?

Mkutano ni Jumamosi saa tisa alasiri, hapa hapa ofisini. Asiyekubaliana nasi aje aseme mbele ya wote.

Katibu wa Tawi