Neno la Mwezi: Masurufu ya Mtoto Aliyetangulia Siku Zake

Mwezi huu twataka kunena habari ya mtoto njiti, yaani yule azaliwaye kabla ya majuma 37 ya mimba kutimia. Asidhani mtu kwamba habari hii ni ya wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto kama hao milioni 13.4, ndiye mmoja katika kila kumi.

Watu wakimwona mtoto huyo hutazama mwili wake tu, mikono kama vijiti na ngozi nyembamba. Akinenepa kidogo husema, “Amepona,” na kuona kazi imekwisha. Lakini iko kazi kubwa mahali pasipoonekana. Katika juma la 34 ubongo wa mtoto una uzito upatao theluthi mbili tu za ule wa mtoto aliyetimia. Majuma yale ya mwisho tumboni ndiyo ubongo hukua upesi na kufanya mikunjo yake. Ndiyo pia mama humwekea mtoto akiba ya madini ya chuma, na ya mafuta ambayo ubongo hujengwa kwayo. Atokaye mapema ni kama msafiri aliyeondoka alfajiri kabla masurufu yake hayajafungwa.

Basi masurufu hayo yatafutwe wapi? Kwanza katika maziwa ya mama yake mwenyewe. Mtoto asipoweza kunyonya, mama hana budi kukamua, naye mtoto apewe kwa mpira mwembamba ufikao tumboni, au kwa kikombe. Dang'a isimwagwe hata tone, wajapokuwapo wazee wanaosema ni maziwa machafu.

Lakini kwa mtoto mdogo sana huenda maziwa yenyewe yasitoshe, na waganga wa hospitali huyaongezea nguvu. Je, nyongeza hiyo yafaa kitu kwa akili? Huko Uingereza Alan Lucas na wenzake waliwagawanya watoto njiti kwa kura: wengine wakapewa maziwa ya kopo ya kawaida, wengine ya kopo yaliyotiwa nguvu kwa ajili ya njiti, kwa muda wa kama majuma manne tu. Wakawapima tena walipokuwa na umri wa miaka kama minane. Habari yao, iliyochapishwa mwaka 1998, yasema kwamba wavulana waliopata yale ya kawaida walibaki nyuma, hasa katika akili ya maneno. Tazameni, chakula cha mwezi mmoja kilionekana shuleni!

Habari ya mafuta yataka uangalifu zaidi. Mwaka 2022 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba watoto waliozaliwa kabla ya juma la 29, waliopewa hospitalini mafuta yaitwayo DHA, walipofika miaka mitano waliwapita wenzao kwa alama 3.5 katika kupimwa akili. Walakini katika jaribio lililotangulia, la watoto waliozaliwa kabla ya juma la 33, wote kwa jumla hawakuonekana kuzidi walipokuwa na miezi 18. Kwa hiyo asije baba akakimbilia dukani kununua mafuta ya samaki na kumtilia mtoto kinywani. Upendo wake ni mwema, lakini kipimo si chake.

Liko jambo moja, tena rahisi, liharibikalo nyumbani. Mtoto aruhusiwapo kutoka hospitali, mara nyingi mama hupewa dawa ya matone yenye madini ya chuma, maana maziwa ya mama, kwa wema wake wote, yana chuma kidogo, na akiba ya njiti huisha mapema. Majuma machache yakipita mtoto acheka, mashavu yamejaa, na mama mkwe auliza, “Mtoto mzima anyweshwa dawa ya nini?” Chupa ikawekwa juu ya kabati ikiwa nusu. Kumbe damu na ubongo bado vyadai. Matone hayo yasiachwe mpaka mganga aseme, wala yasizidishwe, kwa kuwa chuma kikizidi ni sumu. Nayo chupa iwekwe mbali na watoto wengine wa nyumbani. Tena kipimo hufuata uzito: kila mtoto apandapo mizani ya kliniki, mama aulize kama matone yaongezwe.